Dunlop: jina lake lilidumu, breve yake ikaanguka

Mvua ikinyesha ku mgodi, mnaona vile kamyo ikipita inaacha meno ya mipira yake mu matope. Wazee wa kazi wakiangalia ile alama tu, wanajua ni motokari gani imepita. Ile meno iko na wenyewe. Kampani inayochora umbo lake inaweza kuliandikisha ku serikali, kusudi wengine wasiige. Hata hapa kwetu, sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inalinda uvumbuzi, na pia michoro na maumbo ya vitu. Lakini kuna sharti moja: kitu kiwe kipya kweli. Juu ya sharti hilo, John Boyd Dunlop alipata taabu.

Alizaliwa mwaka 1840 mu Dreghorn, inchi ya Scotland. Alisoma kazi ya kuponya nyama, akahamia Belfast mu Ireland, akatibu farasi miaka mingi. Siku zile kinga za watoto zilikuwa na mipira migumu isiyo na upepo, na barabara ilikuwa ya mawe. Mtoto wake akipanda kinga yake ya miguu tatu, alitikisika mwili mzima. Baba akachukua kibao cha mviringo, akakizungushia mupira mwembamba, akautia upepo, akaufunga na kitambaa. Akausukuma mu lupango pamoja na gurudumu la zamani. Lile la zamani likaanguka karibu, lake likafika mbali.

Mwaka 1888 akapata breve, ile karatasi ya serikali inayompa mvumbuzi haki peke yake. Mwaka 1889 kijana mmoja, Willie Hume, akashindana mu mbio za kinga mu Belfast na mipira ya upepo. Watu walicheka vile ilivyo minene. Akashinda, kicheko kikaisha. Mfanyabiashara Harvey du Cros akaona faida, njo kampani ikaanzishwa.

Kumbe kulikuwa mtu mbele yake. Robert William Thomson, naye wa Scotland, alikuwa amepata breve ya mupira wa upepo tangu mwaka 1845, na aliujaribu ku magari ya farasi mu London. Wakati ule motokari hazikuwako, watu wakasahau. Thomson alikufa mwaka 1873, lakini karatasi haikufa. Mwaka 1890 Dunlop akaambiwa breve yake haina nguvu. Hakuwa ameiba, hakumjua Thomson hata kidogo. Lakini sheria haiulizi kama ulijua. Inauliza nani alitangulia.

Kampani ikaponea ku vitu vidogo: ikanunua breve za Welch na Bartlett, za namna ya kushikamanisha mupira na chuma cha gurudumu. Mwaka 1896 ikauzwa kwa pauni milioni 3. Dunlop alikuwa ameshatoka, hakupata ule utajiri. Alikufa mu Dublin mwaka 1921, jina lake likisomwa ku mipira mu inchi nyingi.

Na sisi hapa tulilipa deni tusilolikopa. Mipira ya kinga, na nyuma ya motokari, iliomba kauchu mingi. Watu wa Léopold II wakalazimisha babu zetu kuitafuta mu pori: wanawake walifungwa kusudi waume walete kauchu, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Dunlop hakukanyaga Kongo, na ile damu haikuandikwa ku breve yoyote.

Basi, wewe fundi wa atelie, au mama, ukivumbua kitu, usikae kimya. Kwanza ulizia kama mwingine hakukitengeneza mbele yako. Kisha kiandikishe mapema, mbele ya kukionyesha watu. Akili bila karatasi inachukuliwa, na karatasi iliyochelewa inaanguka.