Harry Johnston: Mchoraji wa Rwenzori aliyetia saini Mkataba wa Toro

Mwaka 1900 mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Uganda, Sir Harry Johnston, alipanda milima ya Rwenzori kwa kufuata bonde la Mto Mubuku, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kasese. Alifika kwenye theluji, akarudi na kumbukumbu ambazo watawala wengine hawakuwa nazo: picha za rangi zilizochorwa kwa mkono wake mwenyewe.

Johnston alizaliwa London mwaka 1858. Alisomea uchoraji katika chuo cha Royal Academy kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali. Aliizuru Tunisia, Kongo na Kilimanjaro, akajifunza Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kibantu.

Rwenzori ilikuwa mtihani mgumu kwa mchoraji. Rangi za maji huhitaji karatasi ikauke kabla ya tabaka la pili kupakwa, ilhali ukungu wa milima hiyo hauondoki kwa urahisi. Kamera za wakati ule nazo hazikuweza kuonyesha rangi. Kuvu laini kwenye miti, lobelia mrefu kuliko mtu na weupe wa barafu vilitegemea jicho na brashi. Ndege mmoja wa jamii ya turako, mwenye mabawa mekundu, amepewa jina la Johnston katika sayansi. Wekundu huo hutokana na rangi ya asili yenye shaba ndani yake.

Kazi yake iliyojulikana zaidi ilihusu msitu wa ng'ambo ya Mto Semliki, upande wa pili wa mpaka ambao watu wa Bwera huuvuka leo pale Mpondwe. Johnston aliwaokoa Wambuti kadhaa waliokuwa wakipelekwa Paris na Mzungu aliyetaka kuwafanya maonyesho, akawarudisha kwao. Wao ndio waliomweleza habari za mnyama wa msituni aitwaye okapi. Huko Beni alipata vipande vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevifanya mikanda. Baadaye ofisa wa kituo hicho, Karl Eriksson, alimpelekea ngozi nzima na mafuvu mawili.

Bila kumwona mnyama akiwa hai, Johnston alimchora kwa rangi za maji, akijaribu kuonyesha manyoya ya hudhurungi yanayong'aa kama mahameli na milia myeupe ya miguuni. Mwaka 1901 mchoro na ngozi vilifika mbele ya wataalamu wa London. Okapi akapewa jina la Okapia johnstoni.

Mkono huohuo, hata hivyo, uliandika jambo lililowaumiza wakazi wa milima. Mwezi Juni 1900 Johnston alitia saini Mkataba wa Toro pamoja na Mfalme Kasagama. Utaratibu uliotokana na mkataba huo uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya utawala wa Toro. Malalamiko yao yalikua kwa miaka mingi, na mwaka 1962 yakazaa harakati za Rwenzururu zilizoongozwa na Isaya Mukirania. Damu ilimwagika. Wilaya ya Kasese ilizaliwa katika miaka ya 1970, na ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali mwaka 2009.

Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu nchi hiyo, chenye michoro yake ya rangi na orodha za maneno ya lugha za wenyeji. Alifariki Uingereza mwaka 1927.

Tangu wakati wake, sehemu kubwa ya barafu ya Rwenzori imeyeyuka. Kwa vijana wa Kasese na Bwera, picha zake ni ushahidi wa mlima ambao mababu zao waliuona. Mkataba wake nao ni ushahidi wa jinsi mababu hao walivyopangiwa mtawala bila kuulizwa.