Elimu Isiyo na Malipo Ina Mlipaji Wake

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amekuwa kwa muda wa miaka sita akiwafunza vijana wa mtaani kwake kuchora na kufinyanga kila Jumamosi asubuhi, pasipo kuwatoza hata ndururu. Karatasi hununua kwa mshahara wake, rangi huwaomba jamaa, na ukumbi aliazimwa na mzee mmoja mwenye moyo wa ukarimu. Mzee huyo amefariki na warithi wake wanadai kodi. Rafiki yangu alinijia jioni moja amejiinamia, akaniuliza iwapo kuna mahali popote duniani ambapo kazi ya namna hii imepata kudumu. Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia maisha ya Augusta Savage, nami leo naona vyema nikusimulie nawe, msomaji, kwani naamini kuwa jibu limo humo, tamu yake na chungu yake.

Augusta alizaliwa tarehe 29 Februari 1892 katika mji mdogo wa Green Cove Springs, jimboni Florida, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa saba miongoni mwa watoto 14 wa familia maskini ya watu weusi. Mji huo ulikuwa na udongo mwekundu uliofyatuliwa matofali, na kwa udongo huo mtoto Augusta alifinyanga bata na kuku. Babake, aliyekuwa mhubiri wa Kimethodisti, aliziona sanamu hizo kuwa machukizo, akamchapa mara kwa mara ili amtoe sanaa kichwani. Haikutoka. Familia ilipohamia West Palm Beach, mwalimu mkuu wa shule aliyosoma huko aliona kipawa chake, akamwajiri awafunze wenzake kufinyanga kwa ujira wa dola moja kwa siku. Hivyo Augusta alikuwa mwalimu hata kabla hajamaliza kusoma.

Mnamo mwaka wa 1921 alifika New York akiwa na dola 4 na senti 60 mfukoni, akajiunga na chuo cha Cooper Union. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1859 na Peter Cooper, tajiri wa viwanda ambaye mwenyewe hakuwahi kusoma darasani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Cooper hakuishia kujenga madarasa. Alikiwekea chuo wakfu, yaani mali yenye kuzaa pato, ili wanafunzi wasitozwe karo. Augusta alikamilisha masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu. Alipopoteza kibarua kilichokuwa kikimlisha, wakuu wa chuo waliamua kumpa fedha za chakula na makao, kwa kuwa walitambua kwamba kumsamehe karo mwanafunzi mwenye njaa ni kumsaidia nusu tu.

Mwaka wa 1923 aliomba nafasi ya kusoma wakati wa kiangazi huko Fontainebleau, Ufaransa, katika shule iliyokuwa ikiwapokea wasanii vijana wa Kimarekani. Kamati ya uteuzi ilimkataa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Augusta hakunyamaza. Aliipeleka habari hiyo magazetini, nchi nzima ikaijua. Uamuzi haukubadilika, naye akaendelea kufua nguo za watu ili kuwalisha jamaa zake. Ni mwaka wa 1929 tu, baada ya kufinyanga sanamu ya kijana wa mitaani aliyevaa kofia, iitwayo Gamin, ndipo alipopata ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald, akaenda kusomea Paris.

Aliporejea mwaka wa 1931, Marekani ilikuwa imezama katika Mdororo Mkuu wa uchumi, na mtaa wa Harlem, uliokaliwa na watu weusi wengi wa New York, ulikuwa umeumia kuliko mitaa mingi. Watu hawakuwa na fedha za kununua sanamu. Mwaka uliofuata alifungua karakana katika chumba cha chini ya ardhi kwenye barabara ya 143, akaanza kuwafunza watoto na vijana bila malipo. Shirika la Carnegie lilimpa ruzuku ya kuwafunza watoto, lakini nguvu kubwa ilikuwa yake mwenyewe. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Norman Lewis na Gwendolyn Knight, waliokuja kuwa wasanii mashuhuri, na Kenneth Clark, aliyekuja kuwa mtaalamu wa saikolojia ambaye utafiti wake ulitajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1954 ilipoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Yupo pia kijana mmoja kwa jina Jacob Lawrence. Serikali ilikuwa imeanzisha mradi wa kuwaajiri wasanii wasio na kazi, na Augusta akampeleka kijana huyo kuandikishwa. Akaambiwa umri haujatimu. Lawrence akarudi kwenye vibarua vyake na huenda angepotelea huko. Mwalimu wake hakusahau. Alipotimiza miaka 21, Augusta alimshika mkono akampeleka tena, akaandikwa, akalipwa mshahara wa kila juma ili achore. Miaka michache baadaye, Lawrence alichora picha 60 zinazosimulia safari ya watu weusi waliohama kusini kwenda kaskazini mwa Marekani. Picha hizo zimehifadhiwa hadi leo katika majumba mawili makubwa ya sanaa, New York na Washington.

Kwa fedha za mradi huohuo, mwezi wa Disemba 1937 ulifunguliwa Harlem Community Art Center, na Augusta akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mkewe rais, Eleanor Roosevelt, alihudhuria. Katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, wanafunzi wapatao 1,500 walikuwa wamejiandikisha, wote bila karo. Kisha Augusta akachukua likizo ili atengeneze sanamu aliyoagizwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka wa 1939 jijini New York. Alitengeneza kinubi chenye urefu wa futi 16, nyuzi zake zikiwa ni vijana weusi wanaoimba. Umati uliistaajabia. Hata hivyo, aliporudi alikuta cheo chake kimechukuliwa na mwingine. Sanamu yenyewe ilikuwa ya plasta. Fedha za kuiyeyushia shaba hazikupatikana, na maonyesho yalipokwisha mwaka wa 1940 ikavunjwavunjwa. Kufikia mwaka wa 1942 kituo nacho kilikuwa kimefungwa.

Hapa ndipo rafiki yangu aliponitazama kana kwamba nimemwongezea msiba. Nikamwomba alinganishe. Kituo cha Harlem hakikufa kwa kukosa wanafunzi wala walimu. Kilikufa kwa sababu fedha zake zilitolewa ili kupunguza uhaba wa kazi, na vita vilipoleta kazi, haja ya mradi ikaisha machoni mwa serikali. Cooper Union ilidumu bila karo kwa zaidi ya karne moja kwa sababu ilikuwa na wakfu wake. Hata hivyo, hesabu zilipoharibika, nayo ilianza kuwatoza wanafunzi sehemu ya karo mwaka wa 2014. Elimu isiyo na malipo ina mlipaji wake daima, na asiyemjua mlipaji hawezi kujua siku atakapoondoka.

Sisi Wakenya tumeonja hayo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliingiza sanaa na muziki katika mtihani wa darasa la nane. Masomo hayo yalipoondolewa mtihanini, walimu wengi, nami sijitoi, tuliyaacha yafifie hata kwenye ratiba. Mtaala wa Umilisi umeyarejesha, lakini mtaala haununui rangi.

Kwa hiyo nilimshauri rafiki yangu asifunge, ila asiendelee kubeba mzigo peke yake. Wazazi waunde kamati na kuchanga kidogo kidogo; ukumbi ukodishwe kwa jina la kikundi, usitegemee uhai wa mtu mmoja; kaunti iombwe kwa maandishi; na wanafunzi wakubwa waanze kuwafunza wadogo.

Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kufikia mwaka wa 1945 hivi, Augusta alikuwa amehamia shambani karibu na mji wa Saugerties, na huko nako aliwafunza watoto. Alifariki tarehe 26 Machi 1962. Nyingi kati ya sanamu zake zimepotea. Lakini Jacob Lawrence alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi, na wapo wanaofundisha leo kwa sababu yeye aliwafundisha. Ewe mwanafunzi uliyefunzwa na mtu asiyekudai kitu, deni unalo, na wa kulipwa ni mdogo wako.