Frank Hornby, Karani Aliyewapa Watoto Gari Moshi

Hapa Mutaho hakuna reli. Reli ya zamani iliyo jirani nasi ni ile ya kati ya Tanzania, iliyofika Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Lakini watoto wa vilima vyetu hawajangoja reli ndipo watengeneze magari. Hukunja waya, hukata magurudumu katika soli za ndara kuukuu, wakasukuma gari lao barabarani kwa fimbo ndefu. Kwa hiyo habari za mtu huyu zitawafaa, kwa kuwa naye alianza hivyo hivyo, kwa kuwakatia wanawe bati. Hakuwa fundi wala mhandisi. Alikuwa karani wa hesabu.

Frank Hornby alizaliwa katika mji wa Liverpool, Uingereza, tarehe 15 Mei 1863. Baba yake, John Hornby, alikuwa mfanya biashara ya vyakula. Liverpool siku zile ilikuwa bandari kubwa sana: meli zilijaa gatini, winchi zikiinua mizigo mchana kutwa, na magari moshi yakiingia na kutoka. Kijana aliyekulia pale aliona mashine kila aendako. Lakini shuleni hakukaa sana. Alipofika umri wa miaka 16 aliacha masomo, akaingia dukani kwa baba yake kuwa mshika fedha.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule, nao wakajaliwa watoto watatu: Roland, Douglas na Patricia. Mwaka 1899 baba yake akafariki, na ile biashara ikafungwa. Basi Frank, mtu mzima wa miaka 36, mwenye mke na watoto, akaenda kutafuta kazi kwa watu. Akaajiriwa na Bwana David Elliott, aliyeleta nyama kutoka nchi za ng'ambo, akawa karani wake wa vitabu vya hesabu.

Jioni akirudi nyumbani alikaa na wanawe. Aliwatengenezea madaraja na winchi za kuchezea kwa vipande vya bati alivyovikata kwa mkono. Kazi ilikuwa ngumu, na kila kitu kipya kilitaka vipande vipya. Daraja likiisha kuchezewa, vipande vyake havikufaa winchi. Ilibidi kuanza tena mwanzo. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja, mkesha wa Krismasi, alikuwa amepanda gari moshi, akawaza jambo hilo njiani, ndipo akaona dawa yake. Kama vipande vyote vingekuwa vya kipimo kimoja, na matundu yake yote yangekuwa sawa, kipande kile kile kingeweza kuwa daraja leo, winchi kesho, na gari keshokutwa.

Tusilipite jambo hili kwa haraka, maana ndilo lililomtajirisha. Alikata vipande vyembamba vya upana wa nusu inchi. Akatoboa matundu katika kila kipande, na kutoka tundu moja hadi la pili ni nusu inchi, bila kuzidi wala kupungua. Ukichukua kipande chochote ukakiweka juu ya kingine, matundu hukutana. Hupitisha boliti, hufunga nati, na kazi imekwisha. Tena matundu yale hayakuwa ya boliti tu: ekseli ya gurudumu nayo ilipita humo ikazunguka. Wala hakuna kinachopotea, kwa kuwa kilichofungwa kwa nati hufunguliwa kwa nati.

Wazo alikuwa nalo, lakini fedha hakuwa nazo. Kuandikisha uvumbuzi serikalini, ili mwingine asiuibe, kulitaka gharama. Karani yule akamwendea tajiri wake, Bwana Elliott, akamkopa pauni 5. Mwezi wa Januari 1901 akapeleka maombi yake. Elliott akapendezwa, akampa nafasi ya kufanyia kazi karibu na ofisi, wakawa washiriki. Mwaka 1902 makasha ya kwanza yalitoka kuuzwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya namna 16, pamoja na karatasi iliyoonyesha jinsi ya kujenga vitu 12.

Msidhani kwamba watu walikimbilia kununua. Vipande vile havikupendeza machoni. Mzazi aliyezoea kununua mwanasesere au farasi wa mbao aliona anauziwa vyuma vya fundi. Hornby hakunyamaza. Alimwonyesha kazi yake Profesa Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, na profesa akaisifu kwa maandishi. Hata hivyo, mwaka 1903 yaliuzwa makasha 1,500, wala faida haikupatikana. Faida ndogo ilionekana mwaka 1906. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka mitano tangu akope zile pauni 5, na muda wote huo mchana alikuwa akiandika hesabu za nyama.

Mwaka 1907 wale waliomtengenezea vipande walishindwa kutoa vya kutosha. Ikawa sharti achague. Akaacha ukarani, akapanga karakana katika barabara ya Duke Street, akaanza kutengeneza vipande vyake mwenyewe kwa fedha za mkopo. Alikuwa na umri wa miaka 44. Mwaka huo huo akaandikisha jina jipya la kazi yake, Meccano. Mwaka uliofuata kampuni ikaundwa, lakini Elliott hakutaka kuendelea, akajitoa. Hornby akabaki peke yake na hatari yote, na baadaye, na faida yote. Mwaka 1914 alikuwa na kiwanda kikubwa katika barabara ya Binns Road, palepale Liverpool, na makasha yake yalikuwa yakiuzwa katika nchi nyingi.

Sasa tuje kwenye gari moshi. Kabla ya 1914, magari moshi ya kuchezea yaliyouzwa Uingereza mengi yalitoka Ujerumani, ambako mafundi wa Nuremberg na Göppingen walikuwa hodari mno. Vita Kuu ikaikata biashara hiyo. Vita ilipokwisha, Hornby aliona pengo, na mwaka 1920 akatoa gari moshi lake la kwanza, la kutiwa ufunguo kama saa. Lilipita juu ya reli mbili zilizoachana milimita 32, kipimo ambacho wapenzi wa mchezo huu hukiita O. Na angalieni jinsi mtu asivyosahau asili yake: gari moshi lile la kwanza lilifungwa kwa boliti na nati, kama vipande vyake vya zamani. Mtoto aliweza kulifungua lote, akaona tumbo lake, kisha akalifunga tena likaenda.

Mwaka 1925 akatoa gari moshi la umeme. Hapo hakufanya vizuri mara moja. Injini ile ilitumia umeme wenye nguvu uliotoka ukutani mwa nyumba, na umeme kama huo kupita katika reli ambazo mtoto anazishika kwa mkono ni hatari. Ikabidi kupunguza nguvu hiyo hadi volti chache, na baadaye wakatengeneza mtindo wa volti 20 uliokuwa salama na wa kutegemewa.

Hornby alijua pia kwamba mchezo usio na wenzi hufa. Tangu 1916 alitoa gazeti la wavulana, Meccano Magazine, lililoeleza madaraja, meli na reli za kweli duniani. Mwaka 1928 kikaanzishwa chama cha wenye magari moshi yake. Hivyo mtoto mmoja alikutana na mwingine, nao wakawa na jambo la kuzungumza. Mazungumzo hayo hayajakoma hata leo, tena wazungumzaji wengi sasa ni wazee wenye mvi. Wakikutana wapenzi wa magari moshi madogo, swali la kwanza ni upana wa njia yako. La pili ni mahali ulipoitandika: chumbani, darini au bustanini. Kisha hufuata kilima umekifanya kwa kitu gani, kona yako ni kali kiasi gani, na kwa nini behewa la mwisho huanguka pale pale kila mara. Mmoja hutoa dawa, mwingine huipinga, na saa hupita.

Haifai kumsifu mtu kupita kiasi. Bidhaa za Hornby zilikuwa ghali. Kasha kubwa kuliko yote halikuwa la mtoto wa kibarua wa gatini, ingawa lilitengenezwa katika mji wake. Tena matangazo na gazeti lake vilisema na wavulana, kana kwamba msichana hana mikono. Yeye mwenyewe alitajirika sana, akajenga maisha makubwa huko Maghull, nje ya mji. Mwaka 1931 alichaguliwa kuingia Bungeni kwa chama cha Conservative, akakaa humo hadi 1935. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na wa sukari. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, mwenye miaka 73, akazikwa Maghull.

Miaka miwili baada ya kifo chake, kiwanda kikatoa magari moshi madogo zaidi yaliyoitwa Hornby Dublo. Jina hilo ni namna ya kutamka O mbili kwa Kiingereza. Na hapo ulikuwepo ubishi ambao haujapata mwisho. Reli za OO zimeachana milimita 16.5, lakini gari lenyewe limepimwa milimita 4 kwa kila futi moja ya gari la kweli. Ukipiga hesabu utaona kwamba reli ya kweli ya Uingereza, yenye upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, ingepaswa kuwa karibu milimita 19. Basi njia ni nyembamba mno kwa gari. Sababu ni kwamba injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za nchi nyingine za Ulaya, na mota za siku zile hazikuingia ndani yake. Mafundi wakaukuza mwili wakaiacha njia ilivyokuwa. Wako wanaotandika upya njia yao yote kwa ajili ya hizo milimita mbili na kitu, na wako wanaowacheka.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Jina la Hornby lingali likiandikwa juu ya magari moshi madogo, lakini watengenezaji ni wengine.

Mchezo huu unatuhusu nini sisi? Reli ya zamani ya Kigoma, na zile za Kenya na Uganda, zina upana wa mita 1. Mpenzi akitaka kuziiga kwa kipimo cha 1 kwa 87, mita hiyo huwa milimita 11 na nusu, kwa hiyo hutumia njia ya milimita 12. Kati ya injini zilizopita katika reli za Afrika ya Mashariki, kubwa kupita zote zilikuwa 34 zilizotengenezwa Manchester, jirani na Liverpool, mwaka 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima yetu ya Afrika ya Mashariki, na mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa Nairobi. Urefu wa kila moja ni karibu futi 104. Kwa kipimo hicho cha 1 kwa 87 injini nzima hulala juu ya meza kwa sentimita 36 tu, na ufundi wake wote unaweza kuonwa na mtoto aliyekaa kitini.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Na wajue kwamba mwaka 1934, huko Manchester, Profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walijenga mashine ya kufanyia hesabu ngumu za elimu, na sehemu kubwa ya mashine hiyo ilikuwa vipande vya Meccano. Gharama yake ilikuwa kama pauni 20. Ilifanya kazi, ikafungua njia ya mashine kubwa zaidi.

Mwezi wa Agosti 2025 ilizinduliwa huko Musongati kazi ya kujenga reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi nchini mwetu Burundi. Siku gari moshi litakapoingia, watahitajika watu wa kuitunza njia, kuifunga na kuifungua injini, na kujua kwa nini gurudumu limeruka. Watu hao hawawezi kuagizwa wote kutoka nje milele. Baadhi yao huenda sasa hivi wako darasa la chini, wakikunja waya nyuma ya jiko.

Basi, vijana, mkitengeneza gari lenu la waya, msiridhike kwa kuwa linakwenda. Tengenezeni la pili ambalo magurudumu yake yataingia katika la kwanza. Pimeni matundu kwa rula, yawe sawa yote. Kazi hiyo ndogo ilimchukua karani mmoja wa Liverpool miaka mingi, tena baada ya saa za kazi. Nanyi wazee mliosoma hapa zamani, mkimwona mtoto amefungua redio iliyokufa ili aone ndani, msimpokonye. Mpeni na bisibisi.