Albert Coons, aliyewavika bakteria taa

VIDONDA vya tumbo vinafahamika sana kwa wanaoshinda njiani kati ya Kigali, Gatuna na Goma, na hadi leo wengi hulaumu pilipili na mawazo. Mwaka 1982 huko Australia madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha bakteria anayehusika, Helicobacter pylori. Aliyevumbua njia ya kumtambua bakteria kwa jina akiwa ndani ya nyama hakuisikia habari hiyo. Albert Coons alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Coons alizaliwa Juni 28, 1912 katika mji mdogo wa Gloversville, jimbo la New York, Marekani, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1937. Mwaka 1939 alikuwa Berlin, vita ikiwa mlangoni, akiumiza kichwa kuhusu homa ya viungo inayoharibu moyo. Watu walidhani inatokana na bakteria fulani wa kooni, lakini nani aliyewaona ndani ya vidonda vya moyo? Hapo ndipo lilipomjia wazo. Kingamwili, yaani askari wa damu, humshika adui wake peke yake. Je, askari huyo akifungwa rangi inayong'aa?

Rangi ya kwanza iling'aa buluu, ikawa hasara, maana nyama yenyewe hung'aa buluu. Kwa msaada wa wanakemia wa Harvard akahamia rangi ya kijani, na matokeo yakachapishwa. Kisha jeshi likamchukua kwenda Pasifiki, kazi ikalala mpaka 1946. Aliporudi aliiendeleza, na mwaka 1959 akapewa tuzo ya Lasker. Alifariki Septemba 30, 1978.

Sasa turudi tumboni. Daktari hushusha mrija wenye kamera, akanyofoa vipande vidogo vya ukuta wa tumbo. Rangi za kawaida humpaka kila bakteria aliyepo, kwa hiyo mtaalamu hutegemea umbo lililopinda. Lakini mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa za dukani (na nani kati yetu hajafanya hivyo?) bakteria wake hupungua, wengine wakajikunja kuwa duara. Hapo kingamwili husaidia. Siku hizi mara nyingi huacha alama ya kahawia badala ya mwanga wa kijani. Zipo pia kingamwili za kushika protini iitwayo CagA, inayobebwa na aina kali zaidi za bakteria huyo, zile zinazohusishwa zaidi na saratani ya tumbo.

Nchini Rwanda jambo hili si la mbali. Utafiti wa Butare uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wengi wa waliopimwa kwa kamera wana Helicobacter pylori. Ndugu msomaji, kabla ya kupimwa mwambie daktari vidonge vyote ulivyomeza, hata vile ulivyonunua ng'ambo ya mpaka.