Eugénie Brazier: Yatima wa shambani aliyenyakua nyota sita za upishi

MWAKA wa 1998 mpishi Mfaransa Alain Ducasse alifikisha nyota sita za Michelin, tatu za mkahawa wake wa Paris na tatu za ule wa Monaco. Vyombo vingi vya habari vikamtangaza kuwa mtu wa kwanza duniani kuwa na nyota sita kwa wakati mmoja. Wapi! Kuna mama mmoja wa Lyon aliyekuwa amezipata miaka 65 kabla yake, na huyo hakuwahi kukanyaga chuo chochote cha upishi.

Jina lake Eugénie Brazier. Alizaliwa Juni 12, 1895 katika kijiji cha La Tranclière, karibu na mji wa Bourg-en-Bresse, mashariki mwa Ufaransa. Akiwa na miaka mitano tayari alikuwa akichunga nguruwe. Shule aliiona msimu wa baridi tu, wakati shambani hakukuwa na kazi. Akampoteza mamake akiwa na miaka 10, akapelekwa kufanya kazi kwenye shamba la watu.

Mwaka wa 1914 akajifungua mtoto wa kiume, Gaston, bila kuolewa. Babake akamfukuza nyumbani. Kijijini, enzi hizo, hiyo ilikuwa aibu ya kummaliza msichana kabisa.

Akakimbilia Lyon, akapata kazi ya yaya kwa familia ya Milliat, matajiri waliotengeneza tambi. Kupika hakukuwa kazi yake. Ila familia hiyo ilipokuwa ikienda kusini kukwepa baridi, jikoni kulihitaji mtu, naye akabebeshwa mzigo huo. Hakuwa na vitabu vya mapishi. Aliuliza watu, akajaribu, akaharibu, akarudia.

Lyon ilikuwa na desturi yake: wanawake waliowahi kupikia matajiri walifungua mikahawa yao wenyewe, na wateja wakawaita Mama Fulani. Aliyevuma kuliko wote wakati huo ni Mama Fillioux. Brazier akaingia jikoni kwake, na huko ndiko alikojifunza chakula kitakachobeba jina lake maisha yote. Ni kuku mweupe wa Bresse, anayepachikwa vipande vyembamba vya uyoga mweusi chini ya ngozi kisha kuchemshwa polepole kwenye supu. Uyoga wenyewe huota chini ya ardhi na bei yake hushtua. Wafaransa humwita kuku huyo nusu-matanga, kwa sababu weusi huchungulia kwenye ngozi nyeupe kama mjane aliyeanza kuvua nguo za msiba.

Baadaye akahamia mkahawa mwingine mjini humo, na haikuchukua muda wateja wakaanza kunong'ona kwamba mwanafunzi amempita mwalimu.

Aprili 1921 akanunua duka dogo la vyakula barabara ya rue Royale, akaligeuza mkahawa wa kuketi watu 15 hivi. Menyu ilikuwa fupi na karibu haikubadilika. Unajua mambo ya siku hizi, kila mpishi anataka kutuonyesha jipya kila wiki? Huyu alipika vitu vilevile, ila havikuwahi kukosea. Ukali wake ulikuwa kwenye viungo na usafi. Kuku asiyemridhisha alirudishwa, mpaka muuzaji mmoja akatania kwamba karibu atalazimika kuwapaka kuku rangi ya kucha ndipo mama awakubali. Meya wa Lyon, Édouard Herriot, akawa mteja wake wa kudumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwili ukachoka. Akaenda kupumzika katika kibanda cha mbao mlimani, Col de la Luère, nje ya mji, pasipo umeme wala gesi. Lakini mtu kama huyo hapumziki: akaanza kupika huko pia, na wateja wakapanda mlima kumfuata.

Hapo ndipo Michelin inapoingia. Ndiyo, ni wale wa matairi. Walianza mwaka wa 1900 kutoa kitabu cha kuwasaidia madereva njiani. Baadaye wakaanza kutoa nyota kwa mikahawa, tatu zikiwa ndio upeo. Mwaka wa 1933 Brazier alipata tatu kwa mkahawa wa mjini na tatu kwa ule wa mlimani. Mwanamke mwingine, Marie Bourgeois, alipata tatu mwaka huohuo. Sita zilikuwa za Brazier peke yake.

Mwaka wa 1946 kijana wa miaka 20 alipanda mlima huo kwa baiskeli kutafuta kazi. Alikuwa Paul Bocuse. Mama hakumpeleka moja kwa moja kwenye sufuria: alimkamulisha ng'ombe, akamfulisha na kumpigisha pasi nguo za mezani, akamlimisha bustani. Bocuse akaja kuwa mpishi maarufu kuliko wote Ufaransa, na hakuchoka kumtaja.

Serikali ilipotaka kumpa nishani ya Légion d'honneur, Brazier alikataa. Aliona nishani hiyo ni ya mambo mazito kuliko kupika vizuri. Kwa maoni yangu alijipunja hapo, hasa ukikumbuka jinsi alivyosahaulika mwaka wa 1998.

Alifariki Machi 2, 1977, na kitabu chake cha mapishi kikatoka mwaka huohuo. Juni 12, 2018 Google iliweka picha yake kwenye ukurasa wake wa mbele, na wengi wakasikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Mkahawa wa rue Royale ungali wazi, sasa mikononi mwa mpishi Mathieu Viannay, na mlangoni bado pameandikwa jina la Mama Brazier.