Kipchomber arap Koilege, Mgeni wa Wakipsigis

Sisi watu wa mwambao twanywa chai ya Kericho asubuhi na jioni, wala aghlabu yetu hatuzijui khabari za nchi inakotoka. Kwa hivyo tumeona vyema kueleza maisha ya mtu mmoja wa huko. Hakuwa wa dini yetu, naye ni Kipchomber arap Koilege.

Asili yake ni Mnandi wa ukoo wa Talai. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot, yaani mkuu ambaye Wanandi walimwendea kwa utabiri na kwa shauri za vita. Mnamo mwaka 1890 nchi ilipatwa na maradhi ya ng'ombe na njaa, na vijana waliokwenda vitani kwa idhini yake wakaangamia. Lawama zote wakamtwika yeye, wakamwua kwa marungu. Hapa yatupasa kusema wazi kuwa utabiri sisi hatuukubali, wa Orkoiyot wala wa wapiga ramli wa mitaani kwetu, ambao wateja wao ni watu wenye kusali. Na hao walioamini kuwa Kimnyole ajua ghaibu ndio hao hao waliomwua lilipowafika balaa.

Wanawe, Kipchomber na Koitalel, wakagombea cheo cha baba yao. Mnamo 1895 Koitalel akashinda, na Kipchomber akakimbilia kusini kwa Wakipsigis, katika vilima vya Kericho.

Wakipsigis wakampokea. Lugha yao na ya Wanandi ni karibu moja, lakini hilo halikuwalazimu, kwani mtu aliyefukuzwa na ugomvi huja na ugomvi wake nyuma yake. Wakampa pahala pa kukaa, yeye na watu wake, na baadaye wakamfanya Orkoiyot wao. Hatusemi kuwa walifanya hayo kwa huruma tupu. Walikuwa na haja na ujuzi waliodhani anao. Lakini hifadhi ni hifadhi. Najashi wa Habasha naye alikuwa Mkristo alipowapokea Swahaba waliomkimbilia katika mwaka wa 5 wa utume, wala hakuwatoa Makureshi walipokuja kuwadai. Na mwanzoni mwa mwaka 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipowatoa watu majumbani mwao huko huko Kericho, tuliona tena kuwa usiku wa kwanza wa mkimbizi haungoji kuulizana kabila.

Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1905 waliwapiga Wakipsigis wa Sotik, ambayo leo imo katika kaunti ya Bomet, na mwaka huo huo wakamwua Koitalel kwa hila alipokuja kuzungumza amani. Kipchomber alibaki miaka michache. Mwaka 1914 serikali ilimkamata yeye na nduguze wawili kwa kuwaona ni wachochezi, ikawatoa katika nchi ile iliyowahifadhi. Yeye alipelekwa Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, akafa huko mwaka 1916, mbali na Wanandi waliomfukuza na mbali na Wakipsigis waliompokea.

Baada ya Vita Vikuu vya kwanza serikali ikawagawia askari walemavu wa Kiingereza eka 25,000 za Kericho. Walipanda kitani, wakashindwa, na ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa Watalai wote, wake kwa waume na watoto, watu wapatao 700. Wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria, wakakaa huko zaidi ya miaka 20. Karibu na uhuru walianza kurudishwa Kericho, lakini ardhi hawakurudishiwa.

Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya madhila ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 wenyewe wakapeleka shauri lao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wenyeji na wageni wao wa mwaka 1895 walikwenda kudai kwa pamoja.