Mvumo Masikioni: Maisha ya Daktari Livingstone

Jina la Daktari David Livingstone si geni kwenu. Sote tulikutana naye katika shule ya msingi: mzungu mwenye kofia, maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, Stanley kule Ujiji, basi. Mie pia nilidhani nimemmaliza. Lakini mwaka huu nimemrudia kwa sababu isiyokuwa katika silabasi yoyote. Sababu yenyewe ni masikio yake.

Hebu tuanze kwao. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Uskoti, kwa wazazi maskini. Jamaa nzima ililala katika chumba kimoja. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi akatoka saa mbili usiku, yaani saa 14, kisha akaenda darasa la usiku. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinapokatika. Mshahara wake wa kwanza ulinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini! (Ni nani kati yetu angefanya hivyo?) Kitabu alikitegemeza juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alichukua sentensi moja, akaenda nayo, akarudi kuchukua nyingine.

Sasa, mwenzangu ambaye umewahi kupeleka mahindi kwa mashine ya kusaga pale sokoni unaijua kelele ninayoisema. Unatoka nje na bado kichwa kinanguruma. Yeye alikuwa na mashine nyingi, si moja, na alikaa nazo mchana kutwa kwa miaka. Baadaye, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuwa maarufu, alieleza katika kitabu chake kwamba ni kiwanda kile kilichomfundisha kuitenga akili yake na kelele. Aliweza kusoma na kuandika vizuri kabisa watoto wakicheza kando yake, au ngoma ikilia karibu. Tafadhali liweke jambo hili akilini, maana ndilo nililolifuata.

Mwaka 1836 aliingia chuo huko Glasgow kusomea udaktari. Mwezi Novemba 1840 alifanya mtihani wa mwisho, na mtihani ukarefuka kwa sababu alibishana na watahini juu ya chombo cha kusikilizia kifua. Walimpasisha hata hivyo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa melini, akielekea kusini mwa Afrika kama mmisionari. Mengine ya miaka hiyo nayapitia mbio mbio. Mwaka 1844 simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto huko Mabotsa. Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Moffat. Mwaka 1849 alifika Ziwa Ngami, na 1850 akarudi huko na jamaa yake, watoto wakashikwa na homa.

Homa hiyo ndiyo malaria yetu. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba inaletwa na mbu; hilo lilijulikana mwishoni mwa karne hiyo, naye amekwisha kufa. Ila dawa ilikuwepo. Kwinini, inayotokana na ganda la mti wa Amerika ya Kusini, ilikuwa imetengwa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 1820. Livingstone aliichanganya na dawa za kuharisha, akatengeneza vidonge ambavyo baadaye viliitwa kwa jina lake. Na kipimo chake kilikuwa cha ajabu. Aliendelea kumpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yaanze kuvuma au yazibe kidogo. Kwake yeye mvumo ulikuwa ishara nzuri: dawa imeingia.

Wazee wa hapa Uriri hawatashangaa. Muulize mzazi yeyote wa Migori au Homa Bay aliyewahi kutundikiwa kwinini hospitalini, atakwambia jinsi masikio yalivyolia ngiii mpaka akashindwa kusikia anayemwita. Siku hizi kwinini haitolewi ovyo. Kuanzia 2006 malaria ya kawaida nchini inatibiwa kwa vidonge vya mseto, na mwezi Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa katika kaunti jirani ya Homa Bay. Hata hivyo ugonjwa haujatuhama, na neno kwinini bado linawakunja watu uso.

Kwa hiyo sikio langu la kushoto lilipoanza kulia, likizo moja ya Agosti, kila mtu nyumbani aliuliza kama nimekunywa kwinini. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na malaria wala mafua, wala sikupigwa kofi. Nyanya alisema kuna mtu ananiteta, na kwa wiki moja nikawa nawatazama majirani vibaya bure! Tabibu alimulika ndani kwa tochi: hakuna usaha, hakuna nta iliyoziba, ngoma ya sikio ni nzima. Nilipelekwa kupimwa usikivu, nao ukawa sawa. Nikaambiwa chanzo hakionekani. Ama kwa hakika maneno hayo ni mazito kuliko jina la ugonjwa. Ugonjwa wenye jina una dawa, au angalau una mtu wa kulaumiwa.

Mchana si neno. Shida ni prepu, wakati bwalo zima limenyamaza na kila mtu ameinamia kitabu chake, ndipo kengele yangu inapopanda. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, ila wahenga hawakusema habari ya chura aliyemo ndani ya sikio la ng'ombe. Alama zangu za hisabati zilianza kuteremka, nikaanza kuogopa usiku.

Ni katika hali hiyo nilipokutana tena na Livingstone, maktabani, katika shajara yake ya mwisho.

Alifika Unguja mwezi Januari 1866, na mwezi Machi akashuka Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, kutafuta chanzo cha mto Nile. (Chanzo hasa kilikuwa huku kwetu upande wa Ziwa Viktoria, lakini yeye alishikilia kwamba kiko kusini zaidi.) Msafara ulikuwa na watu wa namna nyingi, wakiwemo Susi na Chuma, ambao mie nawahesabu kuwa mashujaa wa habari hii kama yeye mwenyewe. Wengine walitoroka njiani, na sishangai, kwa kuwa njaa ilikuwa kali na bwana mkubwa hakuwa mtu wa kupumzika. Tarehe 20 Januari 1867, katikati ya mvua, wachukuzi wawili walitoweka na sanduku la dawa. Kwinini yote ikaenda. Alijua maana yake. Aliona kama amehukumiwa kufa.

Ndipo likaja jambo lililonifanya nikae wima kitini. Mwezi Machi 1867, akielekea Ziwa Tanganyika, homa ilimshika na hakuwa na kitu cha kuitibu. Aliandika kwamba kila hatua ilimtonesha kifua. Yeye ambaye zamani alitangulia mbele ya wote sasa alishindwa kwenda sambamba na wenziwe, na masikio yake yalikuwa yanavuma bila kukoma. Alikuwa na kronomita, yaani saa maalum za kupimia mahali alipo, ambazo mlio wake ni mkubwa. Alisikiliza, na kwa shida sana akazisikia.

Mnaona? Daktari huyu miaka yote alijua kwamba mvumo ni kazi ya kwinini. Sasa kwinini hakuna, na mvumo upo. Labda ni homa yenyewe. Labda ni zile mashine za Blantyre, kwa maana leo tunajua kelele kubwa huharibu vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, na havioti tena. Labda ni kwinini ya miaka iliyopita. Hakuna awezaye kuthibitisha leo, na yeye hakujaribu. Aliliandika jambo lile kwa maneno machache, kama mtu anayeandika kwamba mvua imenyesha, akaendelea na safari. Tarehe 1 Aprili aliliona ziwa. Siku chache baadaye alizirai, na watu wake wakatundika blanketi mlangoni mwa kibanda ili wageni wasimwone katika hali ile.

Wataalamu wa siku hizi wanaeleza kwamba mara nyingi mvumo hautoki nje wala hautengenezwi na ngoma ya sikio. Sikio la ndani likipunguza habari linazopeleka, hata kidogo kuliko kipimo kinavyoweza kuona, ubongo huongeza sauti yake wenyewe, kama redio iliyopandishwa mahali penye stesheni hafifu. Ndiyo maana kimya huuzidisha, na hofu huuzidisha zaidi, kwani ubongo hauachi kulinda kile unachokiogopa. Dawa ya kuung'oa haijapatikana. Lakini ubongo huohuo, ukipewa kazi na muda, hujifunza kuupuuza. Mtoto wa Blantyre alikuwa ameuzoeza wake tangu akiwa na miaka 10, sentensi moja moja, bila kujua anajiandalia nini.

Mie nimejaribu kwa namna yangu. Usiku naiweka saa yenye kengele karibu na kichwa, nausikiliza mwendo wake badala ya mvumo. Mvua ikipiga mabati ya bweni nalala fofofo. Katika prepu nasoma aya moja, nafunga kitabu, naiandika kwa maneno yangu, kisha naifuata nyingine. Mvumo haujaondoka. Kuna jioni ambazo nakumbuka tu baada ya kengele ya kulala kwamba sikuusikia. Ila simwigi mzee huyu katika kila kitu. Yeye aliukataa mwili wake nafasi ya kupona, na wewe ambaye sikio moja linavuma pamoja na kizunguzungu, au linapiga kwa mapigo ya moyo, au usikivu umekatika ghafla, nenda hospitali leo, usingoje jarida la mwakani.

Tumalize safari. Alifika Ujiji Machi 1869 akiwa hoi, akakuta mali yake imeibwa na dawa zake zimebaki Unyanyembe, mwendo wa siku 13. Huko Manyema mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimweka kibandani siku 80. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda ya porini. Mwezi Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe, na habari aliyoandika iliwasukuma Waingereza kumbana Sultani hata soko la watumwa la Unguja likafungwa 1873. Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871, akamletea dawa na chakula, akamsihi warudi pamoja. Alikataa.

Mwisho wa Aprili 1873 alikuwa amelala katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Saa yake ilipotaka kutiwa ufunguo, Susi aliishika kiganjani, naye akauzungusha polepole. Usiku wa mwisho alisikia makelele nje, akauliza kama ni watu wake. Susi akamweleza kwamba ni wanakijiji wanaofukuza nyati mashambani mwao. Kisha akauliza ni siku ngapi kufika mto Luapula. Aliuliza kwa Kiswahili, wanachama wenzangu, na kwa Kiswahili Susi akamjibu kwamba anadhani ni siku tatu. Baadaye akaletewa sanduku la dawa. Macho yalikuwa yamefifia kiasi kwamba Susi ilibidi amsogezee mshumaa ili aichague dawa aliyoitaka. Masikio, hata hivyo, yalikuwa yamewasikia watu wa shambani.

Alfajiri walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko London madaktari waliutambua kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, na tarehe 18 Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma hawakuwahi mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakakaa na mhariri wa shajara zile wakimsimulia yale ambayo bwana wao hakuweza kuandika. Habari ya nyati na ya siku tatu za Luapula tumeipata kwao.